Majani Yaliyokataa Kuoza

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Mwaka jana, katika siku ya usafi, Chama chetu cha Mazingira kilikwenda katika kijito kilicho bondeni, nyuma ya mji wetu wa Mkoani, na kwa muda wa saa tatu tulikisafisha. Tulitoa chupa, mifuko, viatu vilivyokatika na kipande cha godoro. Kisha tukatoa majani. Majani ndiyo yaliyotuchosha kuliko vyote, kwa sababu yalikuwa yamelala chini ya maji tabaka juu ya tabaka, meusi, na kila tulipoyavuta kwa reki yalitoka mengine. Tuliyafanya lundo ukingoni, tukapigwa picha mbele ya lundo hilo, na mkubwa mmoja aliyekuja kututazama alitusifu, akasema kwamba sasa kijito kinang'aa. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliosifiwa, na kwa kweli nilifurahi.

Naandika makala haya kwa sababu baadaye nilipata kujua kwamba sehemu ya kazi ile ilikuwa ni kosa. Chupa na godoro hazina utetezi. Lakini majani yale yalikuwa yakitwambia jambo, na sisi tuliyatupa kabla ya kuyasikiliza.

Siku ile ile, tulipokuwa tukinawa mikono, alitujia mzee mmoja ambaye shamba lake la mpunga liko chini ya bonde hilo. Tulimwamkia, "Shikamoo, babu," naye akaitikia, "Marahaba, wajukuu zangu." Alilitazama lile lundo kwa muda mrefu, kisha akasema: "Zamani majani haya hayakuwa yakikaa. Yakianguka mwezi huu, mwezi wa pili huyaoni. Siku hizi yanalala tu. Mvua ikija yanateremka, yanaziba mfereji wangu, na maji yanapanda yananiharibia mpunga. Leo mmeyatoa nyinyi, ahsanteni. Lakini zamani alikuwa akiyatoa nani?"

Hatukuwa na jawabu. Nilikwenda na swali hilo kwa Maalim wetu wa bayolojia, naye hakunijibu bali alinipa kazi ya kusoma, kama ilivyo desturi yake. Haya yafuatayo ndiyo niliyoyapata, mengine katika vitabu, mengine Tanga, na mengine katika kijito chenyewe.

Jani likianguka katika kijito chenye afya, jambo la kwanza linalotokea ni kama lile litokealo katika birika la chai. Maji huvuta kutoka ndani ya jani vile vitu viyeyukavyo, yaani sukari, chumvi na rangi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo humalizika katika siku ya kwanza au ya pili. Ndiyo sababu maji ya bondeni aghalabu huwa na rangi ya chai majani yanapopukutika kwa wingi. Jani linalobaki ni gumu tena halina ladha, na mnyama akilitafuna ni sawa na mtu kula karatasi.

Hapo ndipo zinapokuja kuvu. Sisi tukisikia kuvu twakumbuka mkate ulioharibika, walakini ziko kuvu ambazo maisha yao yote ni ndani ya maji yaendayo, na kazi yao ni majani. Mtu aliyezifanya zijulikane ni mtaalamu aitwaye C. T. Ingold, ambaye mwaka 1942 alitoa habari za kuvu alizozikuta juu ya majani yaliyokuwa yakioza katika kijito kimoja cha Uingereza. Mbegu za kuvu hizo ni ndogo mno, hazionekani ila kwa hadubini, na nyingi katika hizo zina mikono minne iliyotawanyika, mfano wa nanga ndogo wanazotumia wavuvi wetu. Umbo hilo lina maana. Maji ya kijito yanakwenda mbio, na mbegu ya mviringo ingepita juu ya jani isisimame; lakini yenye mikono minne hunasa, kama nanga inasavyo jiweni. Ingold huyo huyo mwaka 1958 alichapisha habari za kuvu za namna hiyo kutoka Uganda, kwa hiyo asidhani mtu kwamba ni mambo ya nchi za baridi peke yake. Ukitaka kuzitafuta mbegu hizo, chota povu lililokusanyika nyuma ya gogo, kwa maana hunaswa humo kwa wingi.

Kuvu ikishanasa huota, na nyuzi zake huingia ndani ya jani, zikalilainisha. Tena huvuta kutoka katika maji naitrojeni na vitu vinginevyo vya kujenga mwili, ikaviweka ndani ya jani lile lile. Kwa hiyo jani lililokaa majini wiki mbili au tatu ni chakula bora kuliko lilivyokuwa siku lilipoanguka. Ni kama muhogo wa kuchemsha kwa maji matupu na muhogo uliopikwa kwa nazi. Mlaji anafuata nazi.

Na walaji wapo. Ni watoto wa wadudu waishio majini, na kamba wa maji baridi, na konokono, na mahali pengine kaa. Katika vijito vya juu vya mto Mara, nchini Kenya, wataalamu waliokusanya na kupima wanyama watafunao majani walikuta kwamba kaa ndio wenye uzito mkubwa kuliko wote. Wanyama hawa hulikata jani vipande vipande. Katika kula kwao humwaga makombo mengi, na makombo hayo pamoja na mavi yao huchukuliwa na maji hadi chini, na huko wako wengine wanaongoja, ambao kazi yao ni kuchuja makombo tu. Nao huliwa na samaki. Jani la mwembe lililoanguka bondeni laweza hivyo kuishia katika tumbo la samaki kwenye mikoko.

Basi hao ndio waliokuwa wakiyatoa majani ya yule mzee: kuvu, bakteria, na watafunaji. Walikuwa wakifanya kazi usiku na mchana bila reki na bila kupigwa picha.

Kabla sijaendelea sina budi kutoa onyo kwa wenzangu. Miongoni mwa konokono wa vijito vya Pemba wamo wale wanaochukua kichocho, na kisiwa chetu kimesumbuliwa sana na maradhi hayo. Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyofunguliwa Wawi mwaka 2000, imefanya kazi kubwa juu yake. Kila nilipoingia majini kwa ajili ya habari hizi nilivaa mabuti marefu ya mpira na glavu, na mtu asiye nayo asiingie. Siku ile ya usafi tuliingia miguu mitupu, jambo ambalo Maalim alituambia baadaye kwa maneno makali, akatupeleka sote kupimwa.

Sasa, kazi yote ya kuoza niliyoieleza ina sharti moja, nalo ni pumzi. Kuvu hupumua, na watafunaji hupumua, na oksijeni wanayoivuta ni ile iliyoyeyuka ndani ya maji. Oksijeni hiyo ni kidogo. Katika hewa tunayovuta sisi, sehemu 21 katika 100 ni oksijeni. Katika maji hupimwa kwa miligramu, na kadiri maji yanavyokuwa na joto ndivyo yanavyoshika kidogo zaidi. Maji ya joto la nyuzi 10, kama ya vijito vya Ulaya, yanaweza kushika miligramu 11 hivi katika lita moja. Maji ya nyuzi 28, kama yetu, hayafiki 8. Kwa hiyo kijito cha Pemba huanza na akiba ndogo, na uchafu ambao kijito cha baridi kingeuvumilia waweza kukishinda cha kwetu.

Pumzi ikiisha, majani hayaachi kuoza kabisa. Huoza kwa njia nyingine, polepole, kwa kazi ya bakteria wasiohitaji oksijeni, na alama yake ni tope jeusi na harufu ya yai viza. Mama zetu wa pwani wanaijua njia hiyo vizuri kuliko mimi, kwa sababu ndiyo wanayoitumia kwa makumbi ya nazi. Makumbi hufukiwa katika tope la pwani, mahali hewa isipoingia, na hukaa huko miezi mingi. Nyama laini huoza na nyuzi hubaki nzima, zikapigwa, zikasokotwa kamba. Mtu atakaye kamba hutaka hasa uozo wa namna hiyo, uozo wa polepole uachao nyuzi. Lakini kijito hakisokoti kamba, na majani yakikaa hivyo ndani yake huwa tabaka juu ya tabaka, kama tulivyoyakuta.

Jambo hili la pumzi nililisoma mara mbili nisilielewe sawasawa. Nililielewa kwa pua, Tanga.

Katika likizo ya Disemba ya mwaka juzi, kabla ya mambo haya yote, nilipanda meli hapa bandarini Mkoani nikaenda Tanga kumzuru ami yangu, ambaye amefanya kazi miaka mingi katika shamba la mkonge. Shamba lenyewe sitalitaja. Wakati ule nilitazama tu kama mtoto mgeni atazamavyo, lakini nilipokuwa nikisoma vitabu vya Maalim, yale niliyoyaona yalinirudia moja baada ya moja.

Mkonge uliletwa nchi hizi mwaka 1893 na Mjerumani, Dakta Richard Hindorf. Miche aliyoagiza kutoka Florida ilikuwa 1,000, lakini iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu, na kutokana na hiyo 62 yakatokea mashamba yaliyoenea nchi nzima. Mwaka 1964 Tanzania ilitoa zaidi ya tani 200,000 za katani. Lakini msomaji na aangalie jambo hili. Jani la mkonge huingizwa katika mashine iitwayo korona, likapondwa na kukwanguliwa huku likimwagiwa maji mengi, na katika kila kilo 100 za majani, nyuzi zinazopatikana ni kama kilo 4. Kilo 96 zilizobaki ni maji ya jani na nyama yake. Kwa hesabu ya darasani, katani ya tani 200,000 ina maana ya mabaki yanayokaribia tani milioni 5 katika mwaka mmoja. Kwa miaka mingi, mahali pengi, mabaki hayo yalielekezwa mferejini, na mfereji ukaelekezwa mtoni.

Huo mfereji niliuona. Maji yake yalitoka korona yakiwa ya kijani, na mbele kidogo yakageuka rangi ya kahawia, na harufu yake ilikuwa chungu na kali hata macho yakatoa machozi. Mahali ulipoingia kijitoni, mawe yalikuwa yamevaa utando wa kijivu, unaoteleza, wenye nyuzinyuzi zilizochezacheza na maji kama manyoya. Mimi nilidhani ni mimea. Sasa najua kwamba kwa kawaida utando wa namna ile ni bakteria kwa mamilioni yasiyohesabika, ambao wamekuja kwenye karamu. Juu ya kijito hicho ilikuwapo miti, na majani yake yalikuwa yameanguka majini kama kawaida; yalilala chini ya utando ule yakiwa mazima, pembe zake zote zipo, kama yaliyoanguka jana.

Nilimwuliza ami, "Mbona mto huu unanuka hivi?"

Akanijibu, "Mwanangu, huu mto umevimbiwa."

Nimetafuta katika vitabu neno zuri kuliko hilo nisilipate. Katika maji ya mkonge hakumwagwi sumu ya ajabu iliyotengenezwa ng'ambo. Kinachomwagwa ni jani. Sukari na tindikali za jani, ambazo katika kijito cha kawaida hutoka kidogo kidogo kama chai katika birika, hapo hutoka kwa tani, zote mara moja, siku zote. Bakteria huzirukia, na katika kuzila huvuta oksijeni yote iliyomo. Kuvu za mikono minne hukosa pumzi, na watafunaji hufa au hukimbia. Hapo ndipo jani la mti, jani moja tu lililoanguka lenyewe, linapokosa mtu wa kulila, ijapokuwa limezungukwa na majani yaliyopondwa yatoshayo kujaza merikebu.

Si haki nikiacha kusema kwamba mambo ya mkonge yanaweza kuwa vingine. Huko Hale, katika wilaya ya Korogwe, katika muongo wa kwanza wa karne hii ulijengwa mtambo wa kuyatia mabaki hayo ndani ya matangi yaliyofungwa, yakaoza humo bila hewa na kutoa gesi ya kuendeshea mashine za umeme. Yaani uozo ule ule wenye harufu, ulipofungiwa mahali pake, ulifanywa kuwa taa.

Viwanda vingine hudhuru kwa njia tofauti, nami nitazipitia upesi. Madini kama zinki na shaba, yatokayo migodini na katika viwanda vya kupaka chuma rangi, huzidhoofisha kuvu zenyewe, zikashindwa hata kutoa mbegu. Dawa za kuua wadudu huziacha kuvu lakini huua watafunaji. Jambo hili lilijaribiwa kwa makusudi katika milima ya North Carolina, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980: kijito kidogo cha msituni kilitiwa dawa ya wadudu, wadudu wakachukuliwa na maji kwa wingi wakiwa wamekufa au wakifa, na majani yakaanza kuoza polepole kuliko ya kijito jirani. Tena makombo yaliyokuwa yakiteremka na maji yalipungua, hata walaji wa chini wakakosa riziki kwa ajili ya dawa iliyotiwa juu. Na katika mto Msimbazi wa Dar es Salaam, utokao vilima vya Pugu na kupita katikati ya jiji, hukutana yote pamoja, maji ya viwandani na ya machinjioni na ya majumbani, hata haiwezekani kumshitaki mmoja peke yake.

Lakini habari iliyonishangaza kuliko zote ni ya mbolea. Mwaka 2012 wataalamu wa nchi nyingi walitoa matokeo ya kuweka majani katika vijito 100 vya Ulaya, kuanzia vilivyo safi kabisa hadi vilivyojaa naitrojeni na fosforasi za mashambani na mijini. Mimi ningetazamia kwamba kadiri maji yanavyochafuka ndivyo majani yanavyochelewa kuoza. Haikuwa hivyo. Katika maji safi sana yalioza polepole, kwa kuwa kuvu hazikuwa na lishe. Katika maji yenye mbolea ya kadiri yalioza upesi. Na katika maji yenye mbolea nyingi mno yalirudi tena kuoza polepole, hasa kwa kuwa watafunaji walikuwa wamekwisha. Kwa hiyo asiyeujua mto huo toka mwanzo aweza kudanganyika pande zote mbili, akauita mgonjwa ulio mzima, na mzima ulio mgonjwa. Hapana budi kulinganisha mahali na mahali, katika kijito kile kile.

Nasi ndivyo tulivyofanya, wanafunzi wanne pamoja na Maalim.

Jaribio lenyewe halina gharama. Tuliokota majani ya mkungu yaliyoanguka upya, tukayakausha kivulini mpaka uzito wake ukaacha kupungua, tukayapima kwa mizani ya maabara na kuyatia katika mifuko, kila mfuko kiasi kile kile. Mifuko ilikuwa ya namna mbili. Namna ya kwanza ina matundu makubwa, ili watafunaji waweze kuingia; tulitumia nyavu za plastiki zinazokuja na vitunguu sokoni. Namna ya pili ina matundu madogo, ili ziingie kuvu na bakteria tu na wanyama wakae nje. Hapo tulifanya kosa ambalo naliandika ili mwingine asilirudie. Tulikata chandarua cha zamani, tukashona mifuko mizuri sana, tukaitumbukiza. Siku ya tatu Maalim aliiona, akauliza, "Chandarua hiki mlikipata wapi?" Kilikuwa ni cha kugawiwa, nacho kina dawa ya kuua mbu. Tulikuwa tumetia majani yetu ndani ya sumu ya wadudu, kisha tukawangoja wadudu. Tuliitoa yote tukaanza upya, safari hii kwa kitambaa cha kuchujia tui.

Mifuko ilikuwa 12. Sita tuliifunga juu ya kijito, karibu na chemchemi, na sita chini, karibu na mahali tulipotoa lile lundo. Maalim alituhimiza tuchague mahali pawili penye kivuli sawa, kina sawa na mbio za maji zilizo sawa, ili tofauti isije ikawa ni ya jua. Baina ya mahali hapo pawili, ukingoni, pana uwanja ambapo magari huoshwa na kubadilishwa mafuta. Mwenyewe simtaji, wala sioni kuwa ni haki kumtaja, maana pikipiki ya baba yangu huoshwa pale pale.

Baada ya wiki sita tuliitoa. Mfuko mmoja wa chini ulikuwa umechukuliwa na mvua, ikabaki 11. Mifuko ya juu yenye matundu makubwa ilikuwa na mifupa ya majani tu, mishipa mitupu kama wavu wa kushonea nguo za bibi harusi, na katika mmoja alikuwamo kamba mdogo aliyeruka tulipoufungua. Mifuko ya juu yenye matundu madogo ilikuwa na majani mazima, lakini laini, ya kahawia, yakipasuka kwa kidole: kuvu zimefanya kazi yake, walaji hawakupata njia. Tofauti baina ya mifuko hiyo miwili ndiyo kazi ya watafunaji. Nayo mifuko ya chini haikuwa na tofauti yo yote. Ya matundu makubwa na ya matundu madogo ilikuwa sawasawa, majani meusi, magumu kama ngozi ya kiatu, yamefunikwa na tope lenye kuteleza, na tulipoyakamua yalitoa harufu niliyoijua Tanga. Tulipoyakausha na kuyapima, mizani ilisema yale ambayo macho yamekwisha kuona.

Mafuta huweka ngozi juu ya maji na kuzuia hewa isiingie. Sabuni hudhuru viumbe vyenye matamvua. Tope la magari huyafunika majani yasipate pumzi. Mfuko wa majani hausemi ni kipi katika hivyo. Husema tu kwamba kazi imesimama, na kwamba imesimama kwa wiki sita zote, wala si siku moja. Kwa sababu hiyo tangu mwaka 2002 wako wataalamu mashuhuri walioshauri kwamba afya ya mito ipimwe kwa kuoza kwa majani pamoja na vipimo vya maji. Kipimo cha maji ni kama kumtazama mwanafunzi siku anapokuja mkaguzi. Kila mtu amenyamaza na kushika kalamu.

Nikirudi katika siku ile ya usafi, sasa naona kwamba tulifanya mambo mawili kwa reki moja. Sehemu ya juu tulichota chakula cha kamba na kukianika juani. Sehemu ya chini tulifagia alama ya ugonjwa, mgonjwa tukamwacha kama alivyo, na majani yakajaa tena kabla ya masika kwisha.

Maalim alisema kwamba haifai kuandika habari za mtu kabla ya kwenda kwake. Kwa hiyo tulikwenda uwanjani tukiwa na sahani mbili, moja ina jani la juu na moja jani la chini. Mwenye mahali alicheka, akasema, "Maalim, mmeniletea majani?" Maalim akamwomba ayashike. Aliyashika yote mawili, akayasugua kwa kidole gumba, akayanusa, na kicheko kikaondoka. Kisha akauliza mfereji ulioziba ni wa nani. Tulipomtajia alikaa kimya kidogo, kwa maana mzee yule ni mjomba wa mkewe, na kuhusu mfereji ule alikuwa ameshamsikia akilalamika nyumbani mara nyingi bila ya kujua kwamba neno hilo linamhusu yeye.

Sasa mafuta machafu anayatia ndani ya pipa, na kwa maji ya kuoshea amechimba shimo, akalijaza mchanga na makumbi, maji yapite humo kwanza. Mzee wetu amelitazama shimo hilo, akasema ni dogo. Mimi pia naliona dogo, hasa siku za masika.

Mifuko mingine 12 iko majini hivi sasa, imefungwa katika mizizi pale pale ilipokuwa ya kwanza, sita juu na sita chini. Tutaitoa wiki moja kabla ya mitihani.